Nguzo Iliyopambwa Hadi Ikasahaulika

Mtu akiingia kwenye banda la maonesho, macho yake hayaendi kwenye nguzo. Yanakwenda kwenye ndoo za asali, kwenye mchele uliomwagwa sinia nzima, kwa binti anayegawa vipeperushi. Mpambaji analijua hilo, na ndiyo maana nguzo humkera: imekaa katikati, inakatisha bango, inaficha meza. Basi huivika satini kutoka juu hadi chini, huifunga maputo, huizungushia taa, na asubuhi ya ufunguzi hakuna anayekumbuka kwamba ndani ya rundo lile kuna kitu kilichobeba paa.

Mkoani Katavi jambo hili lina sura yake. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na maonesho ya Mpanda hufanyika zaidi kwenye viwanja vya wazi kama Azimio na Kashaulili, chini ya maturubai na mabanda ya miti. Inapofika Agosti, halmashauri za Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe hufunga safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, ambako Katavi hushiriki maonesho ya kilimo ya Nanenane pamoja na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini, na ambako kilele cha kitaifa kilifanyika mwaka 2022 na 2023. Wachache wenye mtaji hufika hadi Sabasaba, Dar es Salaam, kwenye maonesho ya biashara ya kimataifa yanayosimamiwa na TanTrade. Kwa hiyo mjasiriamali mmoja wa Mpanda anaweza, ndani ya mwaka mmoja, kukutana na nguzo ya mti, nguzo ya bomba la chuma na nguzo ya zege. Zote tatu atazipamba kwa mtindo uleule, kitambaa kilekile, pini zilezile. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Miongozo inayotumika kwenye kumbi kubwa za Ulaya na Ghuba huizungumzia zaidi nguzo ya zege: usitoboe, usipake rangi, usifunike mpira wa zimamoto, usizibe kisanduku cha umeme. Miongozo hiyo ni mizuri. Lakini imeandikwa kwa nguzo ambayo ndiyo imara kuliko zote, wakati hatari kubwa ya mabanda yetu imekaa kwenye zile mbili nyingine.

Tuanze na mti. Banda la miti linalosimamishwa kwa ajili ya maonesho ya siku nne au tano halina msingi. Nguzo inachimbiwa, udongo unashindiliwa kwa mguu, bati au turubai linapanda. Banda likibaki hadi msimu unaofuata, mchwa wanakuwa wameshafika. Mchwa hawaanzii juu mtu akawaona. Wanaanzia pale mti unapokutana na udongo, sentimita chache juu na chini ya ardhi, ambapo unyevu na ukavu hupokezana. Mninga una sifa ya kuwasumbua mchwa, lakini nani atauchimbia mninga kwa banda la wiki moja? Nguzo nyingi ni miti myepesi kukatwa na mikaratusi isiyotiwa dawa.

Sasa mtazame mpambaji anachofanya. Anaanza kuipamba nguzo chini: anaweka zulia, anakunja kitambaa kama sketi kuzunguka shina, anapanga vyungu vya maua. Amefunika hasa ile sehemu ambayo mkaguzi angetaka kuiona kwanza. Kisha anahitaji mahali pa kushikilia fremu ya bango, anachonga pengo dogo ili ubao ukae vizuri. Mbao ya inchi nne kwa nne ina upana wa sentimita kumi hivi. Ukiichonga kina cha sentimita mbili tu, uwezo wake wa kuhimili kupinda mahali pale unashuka kwa zaidi ya theluthi moja, kwa sababu uwezo huo haufuati kina cha mbao moja kwa moja, unafuata kina kikizidishwa kwa chenyewe. Fundi anadhani ametoa moja ya tano. Ametoa zaidi ya hapo.

Na Katavi haikosi watu wanaojua kuusoma mti. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Dirifu na Ibindi, wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hutegemea matimba, miti inayopigwa kuzuia kuta na dari zisiwaangukie. Ufa kwenye timba ni habari, na mlio wake ni habari pia. Mti ulioshikilia kifusi ukifungwa kitambaa, habari hiyo haimfikii mtu. Mchimbaji huyohuyo akija kuonesha mawe yake uwanjani Mpanda anakaa chini ya paa lililobebwa na nguzo nne zilizofungwa satini ya bluu, wala haulizi. Ujuzi upo mkoani, ila haujavuka kutoka shimoni hadi uwanjani.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Kabla kitambaa hakijafungwa, chukua bisibisi uisukume kwenye mti pale unapoingia ardhini, pande zote nne. Ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo haina kazi hata kama juu inang'aa. Gonga kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu, mlio ukibadilika ukawa wa debe tupu, ndani kumeliwa. Hayo yanachukua dakika mbili kwa nguzo, na hayawezekani tena baada ya mapambo.

Nguzo ya bomba, ile ya tenti, ina tatizo tofauti kabisa. Bomba haliliwi na mchwa, na mara nyingi chuma chake kinatosha. Kinachoiangusha tenti ni upepo, na pambo huongeza upepo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mwinuko wa Mpanda, takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo wa kasi ya kilomita 54 kwa saa husukuma kwa nguvu ya kilo 12 hivi kwa kila mita moja ya mraba ya kitu kilichouzuia. Bango la mita tatu kwa mbili lililofungwa kati ya nguzo mbili linabeba kilo 70 na ushee za msukumo, na msukumo huo hauji taratibu, unakuja kwa vishindo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne.

Bango angalau watu hulishuku. Wasilolishuku ni nguzo yenyewe ikinenepa. Bomba la sentimita tano likivikwa sponji, boksi na kitambaa hadi likawa nguzo nene ya kifahari ya sentimita 60, eneo linalopokea upepo limekuwa mara kumi na mbili. Bomba ni lilelile, kamba ni zilezile, vigingi ni vilevile kwenye udongo wa kichanga. Ongeza spika ya kilo 20 iliyofungwa juu ili MC asikike hadi barabarani. Tenti iliyokodiwa ikiwa salama sasa si tenti ile tena, na mwenye tenti hana habari.

Kisha kuna kamba za pembeni. Hili nalitaja kwa hasira kidogo. Kamba ya tenti inayotoka kwenye nguzo ya pembeni kwenda kwenye kigingi hukaa vibaya machoni. Inakata njia, inaharibu picha, mgeni rasmi anaweza kujikwaa. Basi usiku wa kuamkia ufunguzi mtu anaifungua, au anakisogeza kigingi karibu na nguzo hadi kamba isimame karibu wima. Kamba iliyosimama wima haizuii nguzo kulala upande. Inaivuta chini tu. Kama kamba inakera, ivike vitambaa vya rangi ionekane na watu waikwepe, lakini mteremko wake ubaki kama mwenye tenti alivyouacha. Kama haiwezekani kabisa kuweka kigingi, zungumza na mwenye tenti kuhusu viroba vya mchanga, na uzito autaje yeye.

Zege nitaipitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayosamehe. Msumari mmoja hauangushi nguzo ya ukumbi. Ila nondo za nguzo hazikai katikati. Ziko karibu na uso, chini ya zege ya unene wa sentimita mbili na nusu hadi nne kwa kawaida. Ukitoboa kwa drili ya kina cha sentimita tano umeshafika kwenye nondo, na tundu ulilolifungua linaingiza unyevu. Nondo ikishika kutu inavimba, na uvimbe huo hupasua zege kutokea ndani. Ukumbi unaopokea maonesho kila mwaka, kila mpangaji akiacha matundu yake sita, baada ya miaka kumi una nguzo iliyochakaa bila mtu mmoja wa kulaumiwa. Nguzo za tofali za kuchoma, zilizojaa mkoani kwetu, ni dhaifu zaidi: kinachopasuka pale msumari unapopigwa kwa nguvu ni kiungo cha saruji, na tofali moja likilegea, la juu yake halina cha kulishikilia.

Nguzo pia inaweza kuwa na kitu ndani. Mfano mzuri nchini ni soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, na maji ya mvua hukusanywa na miavuli hiyo na kushuka chini kupitia nguzo zake. Mtu asiyejua angeiona nguzo tu. Kwenye kumbi za kawaida ndani ya nguzo au ubavuni mwake hupita bomba la maji taka, waya wa umeme, waya wa kengele ya moto. Anayetoboa hajui anatoboa nini, na msimamizi wa ukumbi ndiye wa kuulizwa kwanza.

Jengo lile jingine la Kariakoo, si soko, lililoanguka asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, na kuua watu zaidi ya 20, halikuangushwa na mapambo, na si haki kulitumia kutishia wapambaji. Mjadala uliofuata ulihusu kazi zilizokuwa zikifanyika sehemu ya chini ya jengo. Lakini lilitufundisha kwamba wafanyabiashara wanaweza kuendelea kuuza juu wakati chini kuna kazi inayogusa kinachowabeba. Tabia hiyo ya kudhani nguzo ni mali ya anayepanga chumba ndiyo tunayoizungumzia, kwa kipimo kidogo, kwenye banda la mita tatu kwa tatu.

Moto unahitaji kurasa zaidi. Nguzo ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kitu kinachoshika moto, kwa sababu moja nyepesi: moto hupanda. Kitambaa kilichotandikwa mezani kikishika moto, moto hutambaa, na mtu ana muda wa kukivuta. Kitambaa kilekile kikining'inia kwenye nguzo, ndimi za chini huchoma moja kwa moja sehemu ya juu yake, na kabla ya mtu kupata ndoo, moto umefika kwenye turubai. Mabua ya mahindi, masuke ya mpunga, nyasi na makuti, ambayo kamati za Nanenane huyapenda kwa sababu yanaonesha kilimo, mwezi Agosti ni makavu kabisa. Satini na shifoni za poliesta haziachi majivu tu. Huyeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya watu na bidhaa zilizo chini.

Hapa kuna mvutano wa kweli ambao wapambaji wazuri wanaujua. Tukisema pambo lisigusane na nguzo, liwe gamba linalosimama lenyewe na kuacha nafasi katikati ili nguzo ikaguliwe, tumetengeneza dohani. Hewa inaingia chini, inatoka juu, na moto ukipenya ndani ya gamba hilo unavutwa. Tukisema pambo libanwe kabisa kwenye nguzo, dohani inaondoka lakini nguzo imefungwa kama mgonjwa wa bendeji. Mimi naegemea gamba, kwa masharti matatu: nafasi ya ndani izibwe kila baada ya mita moja kwa kipande cha jipsamu au bati, sentimita 30 za chini ziachwe wazi kabisa ili mguu wa nguzo uonekane, na pambo liishie nusu mita kabla ya dari, hasa ukumbini penye vinyunyizio vya maji. Gamba liwe vipande viwili vinavyofungwa ubavuni kwa kamba au ndoano, litoke kwa dakika moja bila msumeno. Na lisimame lenyewe kwa miguu yake, mifuko ya mchanga ikiikandamiza miguu hiyo bila kuziba mguu wa nguzo, maana watoto wataliegemea.

Kwa kitambaa, jaribio la zamani bado ni zuri. Kata ukanda mwembamba, toka nao nje mbali na banda, ushike kwa koleo, uuwashe kwa kiberiti sekunde kumi na mbili hivi, kisha ondoa moto. Ukizimika wenyewe mara moja, kitambaa kinafaa. Ukiendelea kuwaka au kudondosha matone, tafuta kingine. Kitambaa cha pamba kinaweza kutiwa dawa nyumbani: gramu 200 za boraksi na gramu 85 za asidi ya boriki ndani ya lita mbili za maji ya moto, kitambaa kiloweke, kikamuliwe kidogo na kianikwe. Boraksi si kitu kigeni kwa machimbo, wachenjuaji huitumia kuyeyushia dhahabu. Dawa hii haishiki kwenye poliesta, na ikifuliwa inatoka, kwa hiyo kitambaa kilichonyeshewa kipimwe upya. Vaa glavu, na uiweke mbali na watoto na vyakula.

Umeme huja na mambo yake. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za mafuta, na hadi leo mwenye banda mwenye akili hubeba jenereta yake ndogo. Taa zinazozungushwa kwenye nguzo hufungwa kwa waya wa kufungia nondo, ule mweusi mwembamba, kwa kuwa upo na haukatiki. Ukikazwa kwa koleo, unakula plastiki ya waya wa umeme hadi kwenye shaba. Nguzo ikiwa ya bomba, bomba zima limeshika umeme, na tenti nzima nalo, hadi mtu mwenye mikono yenye jasho aiegemee. Tumia kamba za plastiki, pitisha waya upande mmoja wa nguzo badala ya kuuzungusha, na weka swichi kubwa mahali ambapo mtu mzima anaifikia bila kusogeza pambo lolote. Kama kuna mtungi wa kuzimia moto umetundikwa kwenye nguzo, hapo pambo linakoma. Mtungi uliofichwa nyuma ya shifoni haupo.

Je, Katavi ipambe kwa kitu gani basi? Jibu langu liko Inyonga, wilayani Mlele, kwa warina asali. Mzinga wa gome ni gome la mviringo, lenye uwazi ndani, lililovuliwa kwenye mti wa miombo. Ukipasuliwa kwa urefu unakaa kuzunguka nguzo ya mti au bomba kana kwamba ulitengenezewa hapo. Hakuna msumari, hakuna gundi, na mgeni kutoka Iringa anajua mara moja amefika kwa warina asali. Usivue gome jipya kwa ajili hiyo, mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Tumia mizinga iliyostaafu. Isafishe vizuri pia, kwa kuwa mabaki ya nta huita nyuki, nao hawajui kwamba wameitwa kwenye maonesho. Gome nalo huwaka, kwa hiyo lisipande juu ya kiuno, zile sentimita 30 za chini zikibaki wazi, taa zikiwa mbali. Juu ya hapo iache nguzo ionekane. Nguzo ya mti iliyopigwa randa na kupakwa mafuta haina haja ya kuonewa aibu. Nadhani nusu ya satini tunayoinunua inatokana na aibu hiyo tu, ya kutaka banda la uwanjani lifanane na ukumbi wa harusi.

Linabaki suala la nani anawajibika. Sheria hazikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwenye banda aliyeajiri vibarua, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007 na namba ya dharura 114. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "fungua pambo hilo" saa mbili kabla ya mgeni rasmi kufika. Mpambaji analipwa kwa kupendeza. Fundi umeme ameshaondoka. Mwenye tenti yuko kwenye shughuli nyingine. Ofisa wa halmashauri aliyesafiri kilomita 500 anataka kikombe cha banda bora, na kikombe hutolewa kwa kinachoonekana.

Basi kamati zianzie kwenye kikombe hicho. Banda linaloshindaniwa lipewe alama kwa nguzo zake: mguu uko wazi au umefunikwa, kamba za tenti ziko palepale au zimesogezwa, mtungi unafikika au umefichwa, kitambaa kimejaribiwa kwa kiberiti au hapana. Ukaguzi ufanyike jioni ya kuamkia ufunguzi, ofisa wa zimamoto akiwa na orodha mkononi, na banda litakaloshindwa lisifunguliwe hadi lirekebishwe, hata kama ni la ofisi ya mkoa. Kamati ya Katavi haihitaji kusubiri kanda nzima ikubali. Inaweza kuanza na mabanda yake yenyewe kwenye viwanja vya Azimio, kwenye maonesho yajayo.